Komeo na Shambulizi la Kasi

Pale getini walimwita Komeo, na jina halikumuudhi. Miaka kumi na tisa alikuwa amelinda geti la kiwanda cha magodoro, na hakuna aliyewahi kupita bila yeye kujua ni nani, anatoka wapi, amebeba nini. Magari ya wakubwa aliyafungulia akiwa wima kama nguzo, na vioo vya magari hayo havikushuka hata kwa salamu, kana kwamba geti lilijifungua lenyewe. Alizoea. Mtu huzoea hata yale asiyostahili kuyazoea.

Jumamosi ndizo zilizomshinda. Tangu aachane na mkewe, bintiye wa miaka kumi na sita alikuwa akija kushinda naye chumbani kwake siku hiyo. Binti alikaa kwenye kiti, baba kitandani, wakasikilizana wakipumua mpaka saa kumi alasiri, saa ya binti kurudi. Kisha siku moja mama yake binti akapiga simu. "Baba yake, mtoto amekua. Kuanzia mwezi ujao ataamua mwenyewe kama anakuja au haji. Mimi sitamsukuma."

Jumamosi ya mwisho kabla ya mwezi huo, binti aliingia na begi mgongoni, akatoa mashine ya gemu, akaichomeka kwenye televisheni ya baba yake.

"Leo tunacheza mpira wa kikapu. Mimi na wewe timu moja, tunacheza na kompyuta."

Komeo aliipokea pedi ya kuchezea kwa mikono miwili, kama aliyekabidhiwa mtoto mchanga.

"Sisi ni jezi nyekundu. Wewe ni huyu mrefu. Wakirusha wakakosa, daka mpira. Ukishaudaka tunashambulia kwa kasi, kabla hawajarudi kujipanga. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Komeo, ambaye hakuwa ameelewa chochote.

Wapinzani wakarusha, wakakosa. Mrefu wake akadaka. Komeo akamwacha ameukumbatia mpira, yeye akikagua uwanja kushoto na kulia.

"Baba, tupa!"

"Subiri kwanza nijue nani ni nani."

"Hapa hatuandikishi wageni, baba! Ona sasa, wamesharudi wote watano."

Mara ya pili Komeo hakutaka lawama. Alipodaka tu, akakibana kitufe cha kukimbia, kidole kikapauka. Mrefu akatoka mbio peke yake, akawapita wenzake, akaingia katikati ya watu watatu na kunyang'anywa mpira mchana kweupe.

"Sasa mbona umekimbia?"

"Si umesema kasi?"

"Kasi ya mpira, si ya miguu! Mpira hauchoki. Huyo wako ameishiwa pumzi, ona mstari wake wa nguvu ulivyobaki kipande."

Mara ya tatu akatupa papo hapo, akajisifu moyoni. Mpira ukaangukia mikononi mwa adui.

"Na sasa mbona umetupa?"

"Mtoto wewe! Si ndivyo ulivyotaka?"

"Tukiwa wengi kuliko wao kule mbele, tunawakimbiza. Wakiwa wengi wao, tunatulia na kupanga mchezo polepole."

Kichwa kilimzunguka. Tupa, usitupe. Kimbia, usikimbie. Kule getini sheria zilikuwa zimebandikwa ukutani, na hazikubadilika jua wala mvua. Hapa kila mpira ulikuja na sheria yake. Hakujua ashike lipi, aache lipi.

"Mwanangu, nitahesabu watu saa ngapi, nami nina mpira mkononi?"

"Usingoje uwe mkononi. Ukiwa bado hewani, tazama nilipo. Mimi ninakuwa pembeni kabisa, nimeshaanza kukimbia."

"Unakimbia hata sijadaka? Nisipodaka je?"

"Basi nimekimbia bure." Binti aliinua mabega. "Leo nimekimbia bure mara ngapi?"

Komeo alitaka kuhesabu, akashindwa. Asubuhi nzima mtoto alikuwa akikata mbuga pembeni, mikono wazi, na yeye, anayelipwa kwa ajili ya kuona, hakuwa amemwona hata mara moja.

Wapinzani wakarusha tena. Mpira ulipogonga chuma, Komeo alimtafuta jezi nyekundu wa pembeni. Huyo hapo, ameshachomoka, na mbele yake hapana mtu. Akadaka, akatupa. Mpira ukapaa, ukampita binti kimo cha paa, ukatoka nje.

Komeo akafumba macho kwa aibu. Alipoyafumbua, binti alikuwa amesimama juu ya kiti.

"Umeniona! Baba, umeniona!"

"Lakini umetoka nje."

"Umebonyeza muda mrefu mno. Hilo ni kosa la kidole tu."

Alikuwa amepoteza mpira na bado anashangiliwa. Komeo alishindwa kabisa kuelewa, na katika kutoelewa huko maneno yakamponyoka. "Mwezi ujao nataka uje. Nilikuwa sijui nikuambie lini."

Binti akashuka kitini taratibu. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utaona nakulazimisha."

"Mimi niliona unangojea tu saa kumi ifike, niondoke."

Wakatazamana, kila mmoja amechanganyikiwa kuliko mwenzake. Kisha binti akachukua simu.

"Mama, nitachelewa leo. Hapana, baba haumwi. Namfundisha kazi, na ni mgumu kweli. Na mwezi ujao nitaendelea kuja." Akaiweka simu, akashika pedi. "Haya, wanarusha. Mpira hewani! Tazama nilipo!"

Komeo akageuza shingo, akamtazama pale alipokaa kitini, ulimi nje kwa bidii, kama alivyokuwa akifanya alipojifunza kufunga kamba za viatu.

"Kwenye skrini, baba! Nitazame kwenye skrini!"