Mshono wa Ubavuni mwa Kiti

Ushonaji wa magauni niliuacha kwa hasira. Mwanamke anakuletea picha ya kwenye simu, anataka afanane na yule wa kwenye picha, na akijivalia akajiona bado ni yeye yuleyule, kosa ni la fundi. Viti vya gari havijitazami kwenye kioo. Nikahamisha mashine yangu kutoka soko la Kitshanga, nikaisogeza karibu na parking ya magari ya Goma, nikaanza kushona nguo za viti. Kazi haikukosekana. Huku kwetu gari linabeba bidoni za maziwa, linabeba watu wenye matope mpaka magotini, na kiti kisichovikwa nguo hakimalizi mwezi.

Sifa yangu ilikuwa moja: mshono wangu haufumuki. Natumia uzi wa nailoni, ule wa kushonea viatu, na napita mara mbili. Aliyenitangaza ni mdogo wangu, dereva wa gari la abiria kati ya Kitshanga na Goma. Viti vyake ndivyo nilivyovishona vya kwanza, na vyake nilipita mara tatu kwa sababu tumbo letu ni moja. Akaniletea wenzake, mmoja baada ya mwingine, mpaka nikawa navimba kichwa.

Siku moja mwalimu wa sekondari aliniletea gari lake, limefika juzi tu kutoka ng'ambo. Nilikuwa napima kiti cha dereva nikaona, ubavuni, upande wa mlango, kitambaa kidogo chenye maandishi kimeshikwa na mshono. Vya namna hiyo nimevikata vingi. Nilidhani ni jina la kiwanda, kama lile la kwenye kola ya shati. Safari hii, sijui kwa nini, nilisoma kwanza: AIRBAG. Nikainama niutazame mshono wenyewe. Ajabu! Kiti kizima kimeshonwa kwa uzi mnene, halafu hapo tu, kipande kifupi, uzi mwembamba wa kushonea nguo ya mtoto mchanga. Ule uzi nilikuwa naujua. Nilizoea kuucheka, nikisema hata watu wa ng'ambo wanaishiwa uzi, kisha napitisha nailoni yangu juu yake ndipo navalisha kiti nguo.

Jirani yangu pale parking ni mekanisiye mmoja, fundi wa magari, mzee wa Walikale. Utotoni alikuwa anawinda na baba yake msituni, na anasema huko ndiko alikojifunza kufunga mdomo. Nikamwita.

"Papa, hii airbag inafanya nini mu kiti? Mi najua inakalaka mu volan."

"Mu volan iko. Na fasi zingine iko."

"Fasi gani?"

"Mama, weye unaulizaka sana."

"Kuuliza si ujinga. Fasi gani?"

Akafuta mikono, akaguna, akaja. Alinionyesha herufi katikati ya volan, yaani usukani, pale tunapopigia honi. Akazunguka upande wa abiria, akapitisha kidole hewani, bila kugusa, juu ya droo ya mbele. Mwalimu alikuwa ametandika hapo kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki. Mzee akayaondoa.

"Hapa usiweke kitu. Siku gari inagonga, mufuko inafunguka, hii maua itakuya mu uso yako."

Akanionyesha na juu, pembeni mwa paa, ambapo mfuko mrefu unalala umekunjwa. "Huu unashukaka sawa rido ya dirisha, unafunika kioo." Nikauliza kama chini hakuna. Akasema magari mengine yanao wa magoti, chini ya volan, lakini si yote. Mimi huyo, nikapiga magoti kwenye matope na kitenge changu kizuri, nikachungulia. Haukuwapo. Nilisikitika kweli, nilishaanza kuihesabu mifuko kama kuku wangu.

"Na ya mu kiti inatokea wapi?"

"Inapasula mushono. Njo maana banaweka uzi muzaifu. Iko baruti kidogo ndani, inajaza mufuko kabla ya kupepesa macho."

"Baruti! Mu gari ya watu?"

Sisi wa Masisi, kwa vita tulivyopitia, habari ya baruti hatuna haja ya kufundishwa. Nikarudisha mkono haraka. Lakini nisidanganye, sikuogopa. Nilifurahi! Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniambia kwamba fundi anaweza kushona kusudi nguo ipasuke. Nikatamani kumjua fundi huyo. Anapimaje? Anajuaje kwamba uzi huu utakatika siku hiyo, na si siku ambayo mtu mnene amekaa vibaya?

"Na kama mushono inakatala kupasuka?" nikauliza, bado nacheka.

Mzee akatazama nailoni mkononi mwangu. "Basi mufuko inabakia ndani. Ao inatokea fasi yenye haifai."

Kicheko kikaniishia. Mdogo wangu alikuwa ameondoka asubuhi kwenda Goma, amekalia nyuzi zangu tatu.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena, nikidhani labda yuko njiani, Kirolirwe, na mtandao wa huko tunaujua wenyewe. Alasiri ndipo alipopokea, amekwisha kufika Mubambiro, si mbali na Goma.

"Dada, kuko nini? Nani amekufa?"

"Hakuna. Kesho kwa kurudi, endesha polepole."

"Polepole gani?"

"Polepole ya mutu mwenye dada yake iko mujinga."

Akacheka sana. Sikumweleza. Niliusingizia mtandao, lakini ilikuwa aibu tu.

Kesho yake aliingia kabla ya saa sita. Alipoona nimemsubiri na wembe, akauliza nani kanikosea. Nikamwambia yote, nimesimama, maana nilijua nikikaa nitaanza kujitetea. Mzee akachomoa betri kwanza, akatulazimisha kungoja, kwa sababu baruti ile inasubiri umeme. Kisha nikaingia. Nilikata nailoni yangu punje kwa punje, nikiuchunga ule uzi mwembamba wa chini. Ulikuwa bado mzima. Mungu ni mwema. Nilitaka nguo ya kiti niishone upya hapo kwa uzi mwepesi, mzee akakataa: uzi wa soko hakuna aliyeupima. Ubavu uachwe wazi. Nikakata tundu kwenye kazi yangu mwenyewe.

Mdogo wangu akapitisha kidole ukingoni mwa tundu lile.

"Tangu lini, dada?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Miezi munane. Na ya benzangu?"

Nilikuwa nimeomba asiulize. Magari yalikuwa kumi na manne.

"Wewe uwaambie," nikasema. "Wewe ndiye uliyenisifu."

"Hapana. Mi nilisifu. Mwenye alishona ni weye."

Nikaenda. Madereva walikuwa wamekaa wanakula maharage, wanangoja abiria. Nikasema kwa sauti: "Mushono yangu iko mubaya. Mulete magari, nifungue."

Wakaangua kicheko. Wakadhani namtania mtu. Mmoja wao, kijana mwenye kelele kuliko wote, akaingia garini mwake, akashika nguo ya kiti ubavuni, akaivuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Haikuachia hata punje.

"Mama muongo! Muone, iko nguvu!"

"Njo ile," nikamwambia. "Njo ile nguvu inaweza kukuua."

Kicheko kikakatika. Akaitazama mikono yake, akauachia mshono. Akateremka, akaniachia mlango wazi niingie na wembe.