Televisheni ya Bi Mdogo

Mjukuu wangu wa kike ana karakana ndogo kule Remera. Anakusanya televisheni za zamani, zile nene zenye mgongo. Fundi anamtolea kioo na nyaya, yeye anasugua sanduku, anapaka rangi, anaweka godoro dogo ndani. Paka analala mle, au kijibwa, na watu wananunua. Nilipoelezwa mara ya kwanza niliona nikifungua mdomo tutakosana. Lakini magodoro nani anayashona? Ni mimi. Cherehani ninayo, macho bado yapo, na vipande vya vitenge vimejaa gunia.

Nimewashonea paka wa watu nisiowajua na sikuwa na neno. Mpaka siku alipokuja na teksi, ndani mna televisheni ya mbao yenye miguu minne. Niliijua kabla haijashushwa.

"Hii ya nani?" nilimuuliza, na huku najua.

"Ya bibi wa kule juu. Anataka paka wake alale mle."

Bibi wa kule juu ni mke mwenzangu. Mume wetu, Mungu amrehemu, alituoa wawili, mimi kwanza, yeye baadaye, akatuweka hapa hapa Nyamirambo, mimi chini ya mteremko, mwenzangu juu. Alikuwa anauza vitambaa, na alipenda kusema mbele za watu kwamba kwake hakuna mke anayependelewa. Biashara ilipomnyookea alirudi na gari la mizigo lenye vitu viwili, cherehani ya miguu na televisheni. Cherehani ikashushwa kwangu. Televisheni ikapanda. Akasema bei ni moja, haki imetendeka, na majirani wakamsifu. Mimi nimepewa kazi, mwenzangu kapewa starehe, halafu nishukuru.

Ingeishia hapo ningemeza. Lakini kulikuwa na zamu, siku hii kwangu, inayofuata kwake. Zamu yangu ikifika anakula chakula changu, ananawa, anasema ngoja nipande nisikilize habari, narudi sasa hivi. Habari gani hizo za dunia zisizokwisha? Zikiisha habari kuna mpira, ukiisha mpira kuna watu wanacheza muziki. Dirisha langu linatazama juu. Nilikuwa naona mwanga wa buluu unarukaruka ukutani kwa mwenzangu, nami nakanyaga cherehani mpaka mguu unaingia ganzi, ili nisisikie wanavyocheka wawili. Akirudi ananikuta nimelala, au nimejifanya.

Sasa televisheni ile ile ilikuwa sebuleni kwangu, tupu, imeletwa nimshonee paka. Nilitaka ibaki. Haikuwa na kioo, haingeonyesha kitu, na bado niliitaka. Nilitaka mtu mmoja tu atoke kwangu akaseme huko nje kwamba kwa Bi Mkubwa kuna televisheni.

Basi nikaanza kuchelewesha. Mjukuu akipiga simu, uzi umekwisha. Akipiga tena, sponji ni nyembamba. Nikashona godoro moja kwa kitambaa cha bitana cha kahawia, akaja akaligeuza huku na huku, akaniambia, "Bibi, huyu paka bado hajafa." Nikalifumua. Nikashona lingine la kitenge cha kijani na njano, pembe zote zimekaa, kwa sababu sikutaka mwenzangu apate la kusema kuhusu mkono wangu. Godoro likaingia ndani, likaenea vizuri. Hata hapo sikuiachia. Juu yake nilitandika kitambaa changu cha kufuma, nikaweka na chupa ya chai.

Akaja mwenzangu mwenyewe. Siku hizi anatembea na fimbo, ila wanja haujamwisha machoni. Nikampa kiti, nikammiminia chai kutoka kwenye chupa ile ile, nikairudisha mahali pake.

"Imekaa vizuri hapo, Bi Mkubwa," akasema.

"Imekaa."

"Paka wangu analala sakafuni."

"Paka wote wanalala sakafuni, Bi Mdogo."

Akanywa chai. Nilidhani ataanza kudai, nikawa nimejipanga. Yeye akatazama cherehani.

"Hii nilikuwa naisikia kutoka kule juu. Zamu yako ikifika, naisikia inalia. Akishashuka kwako ikanyamaza, najua mnaongea. Kwangu mimi alikuwa haongei. Anakaa pale, ananipa mgongo, anacheka na watu wa ndani ya sanduku."

Nikamwambia asinidanganye, nilikuwa nasikia vicheko viwili.

"Nilikuwa nacheka ili ageuke," akasema.

Nikaangalia kikombe changu. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilifurahi. Miaka yote ile, kumbe na yeye alikuwa anatega sikio kwangu.

Naye akaona, maana ananijua. Akaweka kikombe chini. "Tubadilishane basi. Televisheni ibaki hapa, mimi nichukue cherehani."

Mkono wangu ulishika gurudumu la cherehani kabla sijafikiri. "Hii haitoki."

"Najua haitoki," akasema, akacheka kile kicheko chake. "Basi mpe paka kitanda chake."

Nikaondoa chupa ya chai. Nikakunja kitambaa changu, hicho sikumpa. Jioni mjukuu akaja na teksi, wakaipandisha televisheni, nami sikutoka mlangoni kutazama.

Juzi mjukuu alipita kule juu, akaja kunisimulia kama vile ni habari njema. Paka anaingia mwenyewe bila kuitwa. Anajinyoosha pale pale palipokuwa na kioo, anajilamba. Mwenzangu amesogeza kiti mbele yake na anakaa hapo jioni nzima akimsemesha. Akimwita, paka anageuka, anamtazama.

Nilimwambia mjukuu imetosha, nimesikia. Usiku huo dirisha la kule juu lilikuwa na taa ya kawaida tu, ya njano, wala haikuwa inarukaruka. Nikafunga pazia.

Asubuhi nikampigia mjukuu simu. Nikamwambia anitafutie televisheni ya mbao, yenye miguu, kubwa kuliko ile. Akaniuliza nitalaza nini ndani, na paka sina. Nikamwambia hilo aniachie mimi, yeye alete.