Whois Niliyoipiga Marufuku
Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na hasira iliyoniponza kuliko zote niliimwagia kompyuta.

Nina ofisi ndogo mjini Rumonge, chumba kimoja cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Siku hiyo nilikuwa natuma fomu ya mwanafunzi, mwisho saa sita mchana. Kumbe apt, ile amri ninayotumia kuweka na kusasisha programu, ilikuwa inapakua masasisho kimyakimya. Ikala mega zangu zote za intaneti, fomu ikakwama. Nilichukia mpaka masikio yakawaka moto. Nikafungua lile dirisha jeusi la amri, nikazipiga marufuku programu moja baada ya nyingine: isiguswe, isisasishwe. Hasira zilipopoa nikaziachia zote. Nilidhani zote. Moja niliisahau: whois.

Whois ni kitu kidogo. Unaandika jina la tovuti, inakujibu limesajiliwa lini na linaisha lini. Niliiweka kwa ajili ya mama mmoja wa Magara, kiongozi wa kina mama wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwani. Fundi aliyewatengenezea tovuti alihamia Kongo, na barua za kukumbusha malipo zilikwenda kwenye anwani yake aliyokwisha kuiacha. Kulipia mwaka mwingine mtu yeyote aliweza. Kujua siku ndiyo ilikuwa kazi yangu. Tarehe sikuiandika popote. Ya nini, wakati whois ilinijibu kila nilipoiuliza?

Jina lile lilichapwa kwenye mifuko yao, na wanunuzi wa Bujumbura na hata wa Ulaya waliagiza kupitia hapo. Kila Jumatatu, akipeleka mzigo sokoni, mama alisimama mlangoni kwangu.

"Amahoro, mutoto yangu. Ile jina yetu iko?"

"Iko, mama."

Kisha whois ikaanza kunijibu kwamba haiwezi kuunganishwa. Ndani yake mna orodha ya mahali pa kuuliza, na mahali pa jina letu palikuwa pamehama. Programu yangu ya zamani ilikuwa inabisha hodi nyumba ambayo wapangaji wameshaondoka. Kuisasisha kungechukua dakika moja. Lakini huku kwetu kila kinachokwama, benki, simu, hata cheti cha kuzaliwa, husemwa ni rezo, yaani mtandao, na hakuna anayebisha. Na mimi nikasema hivyohivyo.

"Ni rezo, mama. Ikirudi nitaangalia."

"Haya, murakoze," akashukuru.

Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Rezo hiyohiyo ilinifungulia mechi za mpira bila shida, wala sikushtuka. Mjinga gani mimi!

Alhamisi moja akaja, siyo siku yake, simu mkononi, salamu hakuna. Tovuti yao ilikuwa inaonyesha michezo ya kamari.

"Angalia! Mukwe wangu ameniuliza kama tumeanza kamari. Sisi, wanawake wa kuswali!"

Nikaliomba dirisha jeusi orodha ya programu zilizozuiwa; ilikuwa moja tu. Nikaiachia, nikaisasisha. Ikajibu papo hapo, safi kabisa: jina limesajiliwa upya juzi, na mwenyewe amejificha.

"Wametuibia?" akauliza.

Ninajuta kwa mengi, lakini hapa ndipo panaponiuma zaidi. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema, kwamba siku ya kulipia ilipita mimi nikisingizia rezo, nayo ilikuwa kweli. Nikaimeza.

"Ndiyo, mama. Wezi wa mtandaoni."

Aliwaambia wenzake kwamba nimepigana sana na wale wezi. Wakachagua jina jingine, wakakaa siku nzima kulifuta la zamani kwa wino mweusi, mfuko kwa mfuko. Wanunuzi wengine hawakuwapata tena.

Jumatatu iliyofuata akaniletea ndagala kwenye kitambaa. Alisema kina mama wamenichagulia wenyewe zile zilizoanikwa juu ya waya, zisizo na mchanga, kwa sababu nimewahangaikia. Nikazipokea kwa mikono miwili.