Kitufe Kilichobaki Nje ya Dirisha

Cheka, nimezoea. Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Maswa, mmoja alinipa kazi ya kutunga programu ya mizani. Nilitaka dirisha la skrini la upana wa 40+20, jumla yake mara mbili. Kwenye asembli, lugha yangu ya zamani ya programu, nilizoea kompyuta ijumlishe kwanza. Kumbe faili la kuchora madirisha hunakili tu ulichoandika: 40+20*2. Kompyuta ikazidisha kwanza, likatoka dirisha jembamba la 80 badala ya 120, kitufe cha "Sawa" hakionekani.

Wakulima foleni. Nikalaumu umeme, nikapuliza vumbi la pamba, nikaipiga kompyuta kofi. Mzee mwenye baiskeli, mwalimu wangu wa hesabu kule Dutwa aliyetukaririsha mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, akachungulia karatasi niliyoandikia programu.

"Wewe Masanja! Mabano yako wapi?"

"Shikamoo, mwalimu."

Foleni nzima ikanijibia: "MAGAZIJUTO!"