Shangazi, Vifungo vya Shati na Mkono wa Kiganja

SHANGAZI YANGU AMEWASHINDA WATU KUMI NA MMOJA KWA VIFUNGO VYA SHATI! Vifungo tu! Na kioo! Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu haya haya, na hapa naandika mbio mbio, kwa hiyo nikiruka herufi mnivumilie.

Ngoja nianze vizuri, naona nawachanganya.

Shangazi, dada yake baba, ni fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi: dirisha moja, cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu cha wateja kujitazama, na kabati la bati la kijivu. Ukiingia utadhani humo kabatini kuna vitambaa. Hamna. Kuna Kiganja. Matoleo mia moja na kumi na mawili, yote, toka la kwanza.

Kama humjui Kiganja, pole yako. Ni shujaa wa vitabu vya katuni, ana kiganja cha shaba mkono wa kushoto. Radi ikipiga anaidaka, anamrudishia adui. Sasa kwa vile ni mkono wa kushoto, umeme unapita jirani na moyo, kwa hiyo kila akidaka anaweza akafa. Utamu wote uko hapo. Bila hiyo ni fundi umeme tu.

Shangazi alianza kumsoma ana miaka kumi na mmoja, leo ana arobaini na sita. Pini za katikati zikishika kutu anazitoa, anashona upya kwa sindano na uzi, mishono midogo sawasawa utadhani ni shati la bwana harusi. Ndiyo maana grupu letu la mashabiki, watu kumi na watatu pamoja na yeye na mimi, wote walimletea matoleo yao ayatunze. Ufunguo wa kabati anauvaa shingoni pamoja na futi yake ya kupimia. Hana mtoto, hana mume, ana cherehani na hilo kabati, na mimi ninayemlia maandazi yake kila nikitoka shule.

Sasa. Kiganja alikuwa hajatoka kwa miaka minne. Mwaka huu wakatangaza anarudi, mchoraji mpya, na hesabu inaanza upya toleo la kwanza. Grupu likawaka.

"Mtu ana matoleo mia na kumi na mawili, mnamwanzisha moja kwa nini? Wanaficha kitu," aliandika Katibu. Katibu ni karani wa posta, na kwenye grupu ndiye anayetunza orodha ya wanachama na kutufokea.

"Na joho limekuwa kijani. Lile jekundu limeenda wapi?" mwingine akauliza.

"Kufuliwa," nikajibu mimi. Nikatolewa siku moja.

Halafu Dokta wa Simu akaleta bomu. Dokta ni fundi simu wa pale kituo cha mabasi, ana binamu yake kwenye kiwanda cha uchapaji. Binamu alimwonyesha kurasa nne ambazo hazijawekwa maneno bado, Dokta akazipiga picha harakaharaka akaturushia. Tukafungua. Jamani. Kiganja cha shaba kiko mkono wa KULIA.

Mkono wa kulia! Mbali na moyo! Yaani sasa anadaka radi kama anadaka chungwa. Watu walilia, sitanii. Mmoja alisema huyo si Kiganja, ni adui yake kavaa sura yake. Mwingine akasema mchoraji hajasoma hata toleo moja. Jioni ile ile tukaapa wote kwa sauti, kila mtu akarekodi: hakuna kununua, hakuna kufungua, atakayenunua ni msaliti. Shangazi naye aliapa. Ila akaongeza sentensi moja mwishoni: "Lakini ingekuwa mimi, ningesoma kwanza ndipo nikasirike."

Hiyo sentensi ndiyo iliyomponza.

Kesho yake Katibu alikwenda kuchukua sketi yake akakuta mezani kitambaa cha kijani, kijani kile kile cha joho jipya. Akauliza cha nani. Shangazi akamjibu, "Cha mwenyewe." Ndivyo alivyo, nguo ya mteja haisemi. Hata mimi akishona ya mama yangu haniambii. Lakini Katibu alitoka pale na hadithi kamili: Shangazi kanunuliwa na wachapishaji, anawashonea nguo za uzinduzi, kesho atawapa na kabati letu waliweke kwenye maonyesho.

Nitasema ukweli, hata mimi nilimshuku. Nilijificha nyuma ya mlango nikavizia. Siku mbili baadaye wakaja watunza bustani sita kuchukua ovaroli zao za kijani. Nikapiga picha, nikarusha kwenye grupu mbio mbio.

Katibu akajibu: "Hao umewapanga wewe au yeye?"

Toleo jipya likaingia vibandani, na wiki hiyo hiyo ikapigwa kura, kabati litolewe kwa Shangazi. Kumi na mmoja wakasema ndiyo. Mimi nilisoma, sikujibu kitu, nikazima simu. Hilo bado linaniuma.

Jumamosi asubuhi walikuja, na mkokoteni. Shangazi alikuwa anageuza kola ya shati, hakuinuka.

"Karibuni. Naona mmekuja na gari," akasema.

"Dada, tusizungushane," Katibu akasema, mkoba kaukumbatia kifuani. "Tunaomba ufunguo."

"Mnavipeleka wapi?"

"Dukani kwa Dokta."

"Kwa Dokta kunavuja."

"Kulikuwa kunavuja zamani," Dokta akasema, halafu akaangalia juu kana kwamba hana uhakika.

Shangazi akaacha kola. Nilimwona anashika ule ufunguo, vidole vimebana mpaka vimebadilika rangi. Miaka thelathini na tano ile. Nikajua akiutoa hapo, kesho nitamkuta amekaa tu.

"Sawa," akasema. "Ila hizo kurasa niliziona kwenye kisimu changu hiki kilichopasuka. Dokta, nipe simu yako niuone huo mkono vizuri, nijue ninafukuzwa kwa ajili ya nini."

Dokta akampa. Shangazi akavaa miwani, akakuza picha. Akatazama. Tukajua anatazama mkono. Kumbe wala! Anatazama watu wa nyuma kule, wanaokimbia radi.

"Dokta, huyu muuza magazeti ni mwanaume?"

"Si unaona ndevu."

"Na huyu dereva?"

"Mwanaume. Shangazi, unapoteza muda."

"Na polisi huyu, na baba huyu mwenye mtoto. Wote wanaume." Akavua miwani. "Mbona wote wamevaa mashati ya wake zao?"

Mtu mmoja akacheka, akakoma.

"Shati la kiume vifungo viko upande wa kulia wa mvaaji, la kike upande wa kushoto. Nimeshona tangu ninyi hamjaanza kujua kusoma. Mji mzima hauwezi kukosea. Mmoja, sawa, kavaa gizani. Wote?"

Akainuka, akaenda kwenye kioo kirefu, akakielekezea ile simu. Tukasongamana nyuma yake kama tunagombea mlango. Na ndani ya kioo, mashati yote yakakaa sawa, ya kiume kabisa. Na kiganja cha shaba kilikuwa mkono wa kushoto.

Weee!

"Dokta," Shangazi akasema taratibu, "ulipiga na kamera gani?"

Dokta akajikuna shingo. "Ya mbele. Ya nyuma imekufa."

"Fundi simu! Kamera yako imekufa!"

"Nina simu za wateja kumi na tisa, Shangazi, nitajitengenezea saa ngapi?"

Kamera ya mbele ya simu yake inageuza picha, kulia kunakuwa kushoto, na kwa vile kurasa hazikuwa na maneno hakuna aliyeshtuka. Yaani tulikuwa tumekasirikia selfi.

Lakini mnadhani walikubali? Thubutu! Katibu akasema labda kioo ndicho kinachodanganya. Mwingine akasema huenda mchoraji ndiye hajui mashati. Dawa ni kukifungua kitabu chenyewe, kiko vibandani wiki nzima. Sasa nani anunue? Tumeapa! Wakaanza kutazamana, kila mtu anangoja mwenzake awe msaliti.

Shangazi akamtazama Katibu. "Mbona mkoba umeukumbatia hivyo tangu uingie?"

Katibu akaona aibu. Akafungua zipu. Toleo la kwanza, bado limo ndani ya nailoni yake.

"Sijafungua!" akapiga kelele. "Naapa sijafungua! Nilinunua siku ya kwanza ili tu nisikikose!"

"Na mimi ninalo," Dokta akasema chini chini. "Ndani ya nailoni."

Wakawa watano. Watano! Wanalo nyumbani, na hakuna aliyelifungua, kwa sababu likifunguliwa si jipya tena, na jalada limemchora Kiganja kwa nyuma, joho limefunika mikono yote miwili.

Shangazi akachukua mkasi wa uzi, akamtazama Katibu, Katibu akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Nailoni ikakatwa. Ukurasa wa pili: kushoto. Ukurasa wa tano: kushoto, na moyo unaruka mpaka unauona kwenye shati. Kazi nzuri, jamani. Nzuri kuliko zamani, ila usiseme nimesema.

Katibu alisema, "Dada, nisamehe," kisha hapo hapo akasema, "lakini hilo joho la kijani bado silielewi." Dokta akasukuma mkokoteni mtupu kuurudisha alikoukodi. Shangazi akafungua kabati mwenyewe, akakipanga kitabu baada ya mia na kumi na mbili, akafunga, akarudi kwenye kola yake.

Nami nikamwambia kuhusu ile kura, kwamba nilinyamaza. Akasema, "Nilijua. Nipe sindano hiyo."

Ukimaliza kusoma, tafadhali mtumie na mwenzako.