Anatomia ya Buchani

Muhula wa kwanza wa masomo ya mionzi nilipata sapu ya anatomia. Fiziolojia nilifaulu, na histolojia nilipona kwa huruma ya Mungu, maana chini ya hadubini kila kitu nilikiona cha waridi na zambarau, kama kanga iliyochuja. Anatomia ndiyo iliyonigomea. Mtihani wa marudio ulikuwa baada ya wiki tano, na ukifeli huo unadisko, unafunga virago moja kwa moja. Nilirudi Bariadi likizo nikiwa na hasira za kugombana hata na kuku.

Pale mtaani kwetu Somanda aliyeniuliza kinachonisumbua ni baba mdogo, mwenye bucha jirani na kijiwe cha bodaboda. Nikamwambia sikumbuki kiungo gani kimekaa wapi. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, maana nina jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "hicho ndicho kinakuliza? Kesho saa kumi na mbili asubuhi uwe machinjioni."

Nikaenda, na kesho yake, na siku zote zilizofuata. Baba mdogo aliishia darasa la nne, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha vile. Ng'ombe akishafunguliwa tumbo, ananiambia nifumbe macho niingize mkono. "Shika. Sema." Ini hili, kulia. Bandama hii, kushoto, imelalia tumbo. Nikikosea anaurudisha mkono wangu palepale nianze upya, na hilo liliniuma kuliko alama nyekundu. Akifika kwenye mbavu anazihesabu kwa sauti, ili nyama igawanyike sawa na mteja asilalamike: kumi na tatu huku, kumi na tatu kule. Nami nahesabu naye. Mama mmoja aliyefuata mifupa ya supu alinisikia nataja mishipa ya moyo, akaniuliza kama hiyo nayo tunapima kwa kilo.

Sikuwa mjinga. Nilijua mtu hana tumbo la vyumba vinne wala hacheui, na tofauti za namna hiyo niliziandika kwenye daftari. Mbavu tu sikuzitafuta kitabuni. Nani ahangaike na kitu alichokihesabu kwa mdomo wake wiki tano nzima?

Siku ya mtihani mwalimu, mzee wa miwani minene, alibandika picha ya kifua kwenye sanduku la taa, akaniambia nihesabu mbavu. Nikahesabu kwa ncha ya kalamu. Kumi na mbili. Nikarudia, zikawa zilezile kumi na mbili. Jasho likanitoka, kisha nikapata wazo lililonipendeza sana.

"Mgonjwa huyu amewahi kufanyiwa upasuaji," nikasema kwa sauti ya daktari bingwa. "Ameondolewa ubavu mmoja kila upande."

Mwalimu akavua miwani. "Zilitakiwa ziwe ngapi?"

"Jozi kumi na tatu."

"Nani kakufundisha?"

"Baba mdogo," nikajibu. "Ana bucha."

Alicheka mpaka watu wa chumba cha pili wakachungulia. Mimi sikucheka. Nilikuwa najiona kabisa niko stendi na begi langu. Alipomaliza kufuta machozi akaniambia kuwa binadamu ana jozi kumi na mbili, kisha akasema, "Umesomea kwa mikono, basi nitakuuliza kwa mikono. Nimeingiza mkono chini ya mbavu za kushoto. Nakutana na nini?"

Nikafumba macho. Nikataja bandama, tumbo, mkia wa kongosho, figo kule nyuma na kilichoishikilia, nikaendelea mpaka aliponiambia inatosha.

Nilifaulu. Alama zenyewe si za kutangaza, lakini nilifaulu. Nilipompigia baba mdogo simu alipiga kelele hadi nikasikia vijana wa bodaboda wakiitikia. Na mimi mdomo wangu haukai na siri, nikamsimulia na mkasa wa mbavu.

"Kumbe nilikuwa nakufelisha, mayu," akasema taratibu.

Nikamwambia amenikosesha swali moja, na yote yaliyoniokoa yametoka kwake. Nilimaanisha kila neno, na nilikuwa nalia huku nacheka.

"Miaka yote hii nafungua ng'ombe," akasema baadaye, "na sijui mimi mwenyewe ndani nikoje. Ukija, unifundishe mtu."

Jumamosi nilishuka stendi nikaenda buchani kabla hata ya kufika nyumbani. Alikuwa amefunga mapema, amenawa mpaka viwikoni, amevua shati, amekaa kwenye stuli anangoja kuhesabiwa.