Nilivyompeleka Mjukuu Wangu kwa Watafiti wa Ruiru

Nilitoka Thika kwenda Ruiru kumaliza ubishi wa nyumbani kwangu. Mjukuu wangu ana miaka mitatu na haongei. Hakutazami usoni. Ukimletea gari la kuchezea, analipindua azungushe gurudumu mpaka uchoke wewe. Kliniki walimwambia mama yake, binti yangu Njeri, kwamba huenda ni usonji, na kwamba Ruiru kuna watu wanaofanya utafiti wa kuwasaidia watoto wa aina hiyo wakiwa bado wadogo. Mimi nikasema mtoto ana upweke tu. Dada yangu Wairimu anakaa Murera, boma lake limejaa wajukuu na kelele, na alikuwa ameshatandika kitanda. Mtoto aende akae huko, ataongea apende asipende.

Njeri alilia. Yeye yuko zamu kiwandani siku nyingi, mtoto anashinda na mimi, na nyumba ni yangu. Basi nikatoa neno la mwisho: nitaenda Ruiru mwenyewe niwaone hao watu. Wakiwa watu wa maneno matupu, siku hiyohiyo mtoto analala Murera.

Mnaonijua mnajua sidanganywi na koti jeupe. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikasukuma mkokoteni sokoni Thika, na leo karakana ya mageti pale Makongeni ni yangu, hakuna mtu aliyenishika mkono.

Asubuhi nilitupa begi la nguo za mtoto nyuma ya pikapu. Njeri aliliona. Alimfunga mtoto mkanda, akanipa chupa ya maziwa, akaondoka kwenda zamu bila kugeuka.

Kutoka hoteli ya Blue Post barabara ilikuwa wazi. Nilimwonyesha mtoto ng'ombe pale Witeithie. Nikamwonyesha lori lililobeba matangi. Wapi! Macho yake yalikuwa kwenye nguzo za taa: kila nguzo ikipita, kichwa kinageuka nayo, halafu anangoja nyingine. Tukapita Juja, mahali tulipojua ni katani tupu na sasa ni ghorofa za wanafunzi juu ya ghorofa. Nguzo, nguzo, nguzo. Nikasema moyoni, huyu si kwamba haoni. Anaona anachotaka.

Tulipofika Ruiru, jambo la kwanza nililoona ni geti lao. Bawaba ya juu imechomelewa ovyo, mlango umeinama kama mlevi. Nikajiambia, kama kazi yao iko hivi, Murera si mbali.

Mlangoni tulipokewa na msichana anaitwa Nekesa, mtu wa Bungoma anayekaa Githurai 45.

"Karibu Guka," akasema, akiniita babu kwa Kikuyu. "Habari ya Thika?"

"Thika iko. Geti lenu ndilo linaumwa."

Akacheka. "Hilo tumezoea kulibeba, Guka."

Ndani hamkuwa na vitanda wala harufu ya dawa. Mikeka sakafuni, kioo kikubwa ukutani, kamera juu ya rafu, na kikapu cha sufuria ndogo, vifuniko na vijiko. Mkubwa wao ni Daktari Mugure, mama wa miwani, mpole lakini hayumbi; habari zetu alishapewa na Njeri kwa simu. Nikamuuliza bila kuzunguka: "Mnatibu?"

"Hatutibu, Guka. Usonji si malaria. Tunatafuta namna ya kumfikia mtoto mapema, kwa mchezo wa kila siku, na anayecheza naye ni mtu wake wa nyumbani. Vitabu vingi vya kazi hii viliandikwa ng'ambo. Tunataka kujua kama mafunzo hayo yanafaa hapa, kwa mtoto anayelelewa na guka karibu na karakana."

"Na yasipofaa?"

"Tutaandika kwamba hayakufaa."

Nimenunua vyuma maisha yangu yote. Sijawahi kukutana na muuzaji anayeniambia huenda bidhaa yake haifanyi kazi. Nikavua viatu, nikakaa.

Kwanza walimwacha mtoto achague. Akachukua kifuniko cha sufuria, akakisimamisha kwa ukingo na kukizungusha. Nekesa akapita nyuma yake akamwita kwa sauti ya kawaida: "Wambui!" Kimya. Akangoja, akaita tena. Kifuniko kinazunguka. Daktari akaandika.

Hapo nikainuka. "Futa hiyo! Mmemkosea mtoto."

"Kwa nini, Guka?" Daktari akauliza.

"Wambui ni marehemu mke wangu. Mtoto amepewa jina la nyanya yake. Wewe Daktari ni wa kwetu, unajua. Njeri atamwita mama yake jina kavu? Yeye humwita Mami. Majirani humwita Cucu, yaani nyanya. Mimi namwita Mutumia Wakwa, mke wangu, hivyo ndivyo guka humtania mjukuu aliyebeba jina la mkewe. Hilo Wambui mnaloita, nyumbani hakuna anayelitumia. Ataitikia jina asilolijua?"

Nekesa akajishika kichwa. "Hata kwetu iko hivyo! Mimi mwenyewe nilikuwa naitwa Kukhu, yaani nyanya, mpaka nikaenda shule. Daktari, tulimuuliza mama jina la mtoto, hatukuuliza anaitwaje."

Daktari hakukasirika. Alikata mstari juu ya alichoandika. "Guka ana haki. Guka, mwite wewe, kwa jina lako."

Nilijikohoza. Nilikuwa nimeshinda, na nilijua nimeshinda. Nikaita: "Mutumia Wakwa!"

Kifuniko kinazunguka.

Nikaita kwa sauti ya karakana, ile inayoshinda mashine ya kusaga chuma. Mlinzi alichungulia dirishani kuona nani anauawa. Nikaita Mami. Nikaita Cucu. Mjukuu wangu, aliye hatua chache kutoka magotini pangu, hakupepesa jicho.

Basi. Nilikuwa sahihi kuhusu jina, na nilikuwa nimekosea kuhusu mtoto. Hakuna aliyenicheka. Daktari alitazama karatasi yake, Nekesa akaniletea maji, na mimi nikayanywa ili nipate mahali pa kuweka uso.

Baada ya hapo Nekesa alisema, "Guka, sasa tusimwite. Tumfuate." Akalala kifudifudi mkekani mbele ya mtoto, akachukua kifuniko kingine, akazungusha. Cha mtoto kikianguka, na yeye anaangusha chake. Mtoto akigonga sakafu, na yeye anagonga. Hakusema neno. Muda ukapita, mimi nikaanza kuona huu ni mshahara wa bure. Kisha mtoto akasimama. Akatazama kifuniko cha Nekesa. Akatazama mkono wa Nekesa. Akazungusha chake, akatazama tena, kama mtu anayeuliza: na wewe?

"Zamu yako," Nekesa akaniambia.

"Mzee kama mimi, sakafuni na vifuniko?"

"Kwani sakafu inachagua umri?"

Nikashuka, magoti yakalia. Na hapo nikaharibu. Nilishika kifuniko nikamsogezea mtoto puani: "Sema kifuniko! Ki-fu-ni-ko! Sema upewe!" Mtoto akanipa mgongo.

"Guka," Nekesa akasema, "hapa hatuuzi mageti. Mnunuzi akikukimbia hivyo, unamfuata na bei?"

"Ninanyamaza," nikamjibu. "Nafagia karakana mpaka arudi mwenyewe."

"Basi fagia."

Nikanyamaza. Nilizungusha kifuniko, nikatazama kifuniko, nikajifanya mtoto hayupo. Kilipoanguka sikukiokota. Nekesa alikuwa amenionya: usimmalizie, ngoja. Watu wangu, kungoja ni kazi ngumu kuliko kubeba simiti. Nilingoja mpaka mguu ukafa ganzi. Ndipo nikasikia vidole vidogo vimeshika kidole changu cha gumba, vikakivuta mpaka kwenye kifuniko. Hakunitazama. Lakini mkono wangu ulikuwa umeitwa.

"Hivyo ndivyo anavyoongea kwa sasa," Daktari akasema polepole. "Tunaanzia hapo." Akanieleza kwamba nikikubali nitakuja kila Jumanne nifundishwe, na watapima, na siku nikichoka nitoke, sina deni la mtu. Akanionya nisitegemee miujiza. Akaniomba tuchague jina moja nyumbani, lolote, watu wote walitumie.

Mchana tulikata kwenda Murera. Wairimu alitoka zizini akinyoosha mkono kuchukua begi.

"Liache," nikamwambia. "Habaki."

"Wamekuloga huko Ruiru? Mtoto anahitaji wenzake!"

"Anahitaji mtu wa kumfuata. Wajukuu wako hawatamfuata, watampita mbio."

"Na nani atamfuata, wewe? Wewe uliyelea watoto wako kwa filimbi?"

"Mimi."

Wairimu alinitazama kama anayetafuta alama ya homa. Kisha akajaza chupa ya mtoto maziwa ya moto, akagoma kunipa mkono, na tulipokuwa tunawasha pikapu akapaza sauti kwamba atakuja Thika aone huo utafiti wa wazee. Nikamwambia aje, ila aache mdomo wake Murera.

Jioni Njeri alitukuta nyumbani, bado yuko na vumbi la kiwanda. Alitazama tu kama begi liko.

"Kila Jumanne karakana itafunguliwa mchana," nikasema.

Anajua mimi nilifunga karakana kwa mazishi tu. Akalichukua begi, akaanza kurudisha nguo za mtoto kabatini.

Nilichojifunza nakisema wazi, anayetaka kubisha abishe. Nilidhani mtoto ndiye atafundishwa kutusikia. Hao watu wa Ruiru, ambao hawajui bado kama kazi yao itafaulu na wanaikubali hiyo aibu mbele yako, wananifundisha mimi kumsikia yeye. Mwalimu anayekiri asichokijua ninamlipa kwa muda wangu bila kinyongo.

"Tutamwita nani, Baba?" Njeri akauliza nilipomweleza habari ya jina.

"Jina lake."

"La Mama? Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Mama yako hatakasirika, alipenda kuitwa."

Akashuka sakafuni, upande mtoto alipokuwa, akasema kwa sauti ndogo: "Wambui."

Mtoto hakugeuka. Njeri akafungua mdomo arudie, nikamwekea mkono begani.

"Usiongeze sauti," nikamwambia. "Ngoja."

Tukangoja.